Masika ya Chungu Kimoja

Machi 4, Jumatatu

Daftari hili nimelinunua ili nisimjibu Bwana Mwelekeo. Huyo ndiye mkuu wa kitengo chetu cha takwimu, na jina hilo tumempa sisi wenyewe kwa sababu hawezi kumaliza sentensi tatu bila kutaja mwelekeo. Mwelekeo wa mvua, mwelekeo wa chai ya ofisini, mwelekeo wa goti lake. Leo ametangaza kwamba utafiti wa mapato ya kaya, ambao miaka yote tumeufanya kiangazi, mwaka huu utafanyika katikati ya masika. Gari lilikuwa gereji tangu Novemba, sasa limetoka, na makao makuu wanataka takwimu zao kabla ya Juni.

"Mkuu, barabara zitakuwa tope tupu," nikasema.

"Mapato hayalowi," akajibu, akacheka peke yake.

Wadodosaji wangu wanalowa. Hilo ndilo nililotaka kumwambia, nimeliandika hapa, basi limekwisha.

Machi 6, Jumatano

Leo mgeni mmoja wa makao makuu kaniuliza, "Wewe ndiye unayepiga wastani wa wilaya?" Miaka kumi na sita nafanya kazi hii na bado nasikia wastani. Si wastani! Tunayo mitaa arobaini, ileile kila mwaka. Wadodosaji wanabisha hodi kila mlango wa mitaa hiyo na kuuliza kaya imeingiza kiasi gani mwezi uliopita. Mimi nazipanga kaya zote foleni moja, ya chini kabisa mbele, yenye nacho nyuma, halafu naenda katikati kabisa ya foleni na kumtazama aliyesimama pale. Alichonacho yeye ndicho kipato cha kati cha wilaya. Mwenye kiwanda cha mabati asimame nyuma huko na magari yake saba, foleni haimjui.

Miaka mitatu iliyopita aliyesimama katikati alikuwa na laki na elfu hamsini na nane, kisha sitini na moja, kisha sitini na nne. Mstari wa makao makuu ni laki na themanini. Wilaya iliyo chini ya mstari, zahanati zake zinatoa dawa za magonjwa ya kudumu bila malipo. Ikivuka, kila mtu ajinunulie.

Binti wa mdogo wangu ana kifafa. Vidonge viwili kwa siku, vyote vya zahanati. Sijawahi kulisema hilo ofisini kwa sababu foleni haipangwi kwa kuangalia nani mtoto wa nani.

Machi 9, Jumamosi

Mvua.

Machi 12, Jumanne

Nimerudi kazini nikakuta ndoo tatu, magodoro mawili, cherehani na watu watano barazani kwangu. Mdogo wangu, mumewe, watoto wao watatu. Paa la chumba walichopanga limeachia na mwenye nyumba anasema ataezeka mvua zikikatika.

"Wiki moja tu, Dada," mdogo wangu akasema, huku akinishika mkono namna ile anayonishika tangu ana miaka minne akitaka kitu.

Ningesema nini? Naishi peke yangu kwa kupenda. Nina kikombe changu, kiti changu, redio yangu kwenye kituo changu. Shemeji ni fundi rangi, na fundi rangi wakati wa masika ni mtu wa kukaa tu, kuta hazikauki, hakuna anayemwita. Kwa hiyo atakaa. Na atakalia kiti changu.

Machi 15, Ijumaa

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni ya nne. Jembe sina, nimempa shemeji kitasa cha mlango wa choo. Amekitengeneza vizuri, na katika kukitengeneza ameufanya mlango wa jikoni usifunge. Kisha anapiga mluzi. Wimbo mmoja, nusu yake.

Machi 21, Alhamisi

Semina ya wadodosaji. Kiongozi wao ni Mama Dodoso, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira ambaye amebisha hodi milango mingi kuliko posta. Mimi ndiye niliyeandika mwongozo, kwa hiyo mimi ndiye ninayeulizwa.

"Kaya ni nini?" nikaanza, kama kila mwaka.

"Ni watu wanaokula chungu kimoja," wakaitikia wote.

"Kwa muda gani?"

"Siku saba zilizopita!"

Kijana mmoja mgeni akauliza habari ya mwanamume mwenye wake wawili anayekula kwa wote. Mama Dodoso akamwambia amwandike pale alikokula mara nyingi zaidi, na asiulize kwa sauti. Wakacheka hadi chai ikapoa. Niliona fahari kidogo, niseme kweli. Chungu kimoja, kaya moja. Ni fupi, mtoto anaielewa, na nimeitunga mimi.

Machi 25, Jumatatu

Wiki moja iliisha lini? Nauliza tu.

Machi 28, Alhamisi

Mvua. Sukari imekwisha. Kilo mbili, siku tisa.

Aprili 2, Jumanne

Mama Dodoso ameingia ofisini na tope hadi magotini, akaweka fomu mezani kwangu, fomu zenyewe zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni mara tatu.

"Mwaka huu kuna jambo," akasema. "Nabisha mlango, naambiwa hapa hatupiki, sisi tumeshaandikwa kwa kaka. Nabisha wa pili, sisi tumeshaandikwa kwa mama mkwe. Mtaa mmoja nimepata milango saba ya namna hiyo."

"Wanakula chungu kimoja?"

"Wanakula."

"Siku saba zilizopita?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi fuata mwongozo, Mama Dodoso. Tusijitungie utafiti wetu barabarani."

Akanitazama. Nilikuwa nimelala saa nne tu usiku kucha kwa ajili ya mtoto wa mwisho wa mdogo wangu anayekohoa, gari lilikuwa limekwama tena, na Bwana Mwelekeo alikuwa ameshapita mara mbili kuuliza asilimia ngapi zimekamilika. Hayo si maelezo ya kutosha, lakini ndiyo niliyonayo. Akachukua mfuko wake akatoka.

Aprili 10, Jumatano

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtaa wetu ni mmoja wa ile arobaini, na leo zamu imefika kwangu. Mama Dodoso kavua buti mlangoni, kaketi kwenye kiti changu (shemeji kamwachia, mimi sijawahi kuachiwa) na kunisomea maelezo ya mwanzo yote kana kwamba hatujanywa chai pamoja miaka kumi na sita.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Unanijua, mama."

"Nikishika dodoso simjui mtu. Mwongozo wako, ukurasa wa tano."

Mdogo wangu akamtazama mumewe. Shemeji akasema, "Mwandike shemeji yangu. Mimi hapa ni mkuu wa kuteka maji."

Watoto wakacheka. Mimi pia, kabla sijajizuia.

Kisha mapato. Mshahara wangu, laki mbili na elfu kumi. Shemeji, geti moja alilolipaka chini ya turubai, elfu thelathini na tano. Mdogo wangu, kushona sare, elfu ishirini na nane. Akajumlisha palepale. Laki mbili na elfu sabini na tatu. Mwaka jana nilikuwa mimi na laki mbili na kumi zangu.

"Hongera," akasema Mama Dodoso bila kucheka. "Mmepanda."

Tumepanda wapi? Nakunywa chai ya rangi bila sukari, mkaa umepanda bei mara mbili kwa sababu ya mvua na uliolowa ndio unaouzwa, na leo nimekopeshwa sabuni na binti wa miaka saba. Nikasaini.

Swali la thelathini na moja: je, kuna mwenye ugonjwa wa kudumu? Mdogo wangu akajibu mwenyewe, kifafa, binti wa kwanza, miaka kumi na mmoja. Akaandika.

Aprili 13, Jumamosi

Nimemkosea shemeji, moyoni angalau.

Binti ameanguka asubuhi, akiwa anasuka mdoli wa mdogo wake. Nilisimama kama gogo. Shemeji alimlaza ubavu, akatoa kijiko mkononi mwangu (sijui nilikichukua cha nini) na kusema kwa upole, "Hapana, mdomoni hakiwekwi kitu," kisha akatazama saa ya ukutani na kungoja. Ilipokwisha, akatoa mfukoni kijidaftari chenye madoa ya rangi ya maziwa na kuandika. Tarehe, saa, dakika mbili na nusu, mkono wa kushoto kwanza.

Baadaye nikamwomba nikitazame. Ana miaka miwili na miezi minne humo, hajaruka hata siku moja. Kabla ya vidonge, mara kumi na moja kwa mwezi, mara tisa, mara kumi na tatu. Baada ya vidonge, moja, sifuri, sifuri, moja. Kuna pengo moja tu la vidonge, siku sita ambazo zahanati iliishiwa, na katika siku sita hizo ameanguka mara nne. Mistari ameichora kwa rula. Nimesimamia wadodosaji wenye shahada ambao hawajawahi kuniletea takwimu safi namna hii, na mtu huyu nimemnunia mwezi mzima kwa sababu ya mluzi.

Nikamwambia kazi yake ni nzuri. Akaona haya, akasema alifanya tu ili daktari asimwone mwongo.

Aprili 19, Ijumaa

Uingizaji wa takwimu. Macho yananiuma. Mluzi unaendelea.

Aprili 25, Alhamisi

Nimepanga foleni. Nimekwenda katikati. Aliyesimama pale ana laki na elfu tisini na tatu.

Nilirudia mara tatu. Tisini na tatu, tisini na tatu, tisini na tatu. Bwana Mwelekeo alipoona alisimama, akanipa mkono, akaita watu wa chumba cha pili. "Asilimia kumi na nane kwa mwaka mmoja! Huo ndio mwelekeo!" Amekwisha kuchora grafu, mstari unalala miaka mitatu halafu unapaa kama ngazi ya kupandia darini. Anataka kuipeleka kwenye kamati ya wilaya Mei ishirini.

Tumevuka. Nilipofika nyumbani binti alikuwa anameza kidonge chake cha jioni, nikashindwa kukaa naye mezani. Nikasingizia kichwa.

Aprili 28, Jumapili

Nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda kwa sababu takwimu ni safi. Hakuna fomu iliyochezewa, hakuna mdodosaji aliyejazia fomu mgahawani, jumla zote zinakubali. Ningekuta kosa la mtu ningemfokea nikapona.

Lakini nani huyo aliyetajirika? Fundi rangi hana kazi. Mfyatua matofali hana kazi. Mwuza mkaa peke yake ndiye anayecheka.

Aprili 30, Jumanne

Nimeliona, na nililiona jikoni kwangu.

Nilikuwa nakoroga maharage ya watu sita kwenye sufuria niliyoazima kwa jirani, nikawaza, mwaka jana nyumba hii na kile chumba cha mdogo wangu, kilicho mtaa huuhuu, zilikuwa kaya mbili. Mimi na laki mbili na kumi, wao na laki moja na nusu, wakati kuta zinakauka. Jumla laki tatu na sitini, watu sita. Mwaka huu kaya moja, laki mbili na sabini na tatu, watu walewale sita. Tumepoteza karibu laki nzima. Na kwenye foleni yangu, kaya mbili zimetoka, imeingia moja iliyo juu kuliko zote mbili.

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikarudi ofisini na kanga ya jikoni. Mlinzi aliniuliza kama kuna msiba.

Mitaa arobaini ileile. Mwaka jana, kiangazi: kaya mia nane na kumi na mbili, watu elfu tatu mia sita na kumi. Mwaka huu: kaya mia sita arobaini na moja, watu elfu tatu mia sita hamsini na tano. Watu wako palepale. Kaya mia moja sabini na moja zimeyeyuka. Wakati wa mvua mkaa ghali, kazi hakuna, mapaa yanavuja, basi ndugu wanaunganisha vyungu. Kila mvua. Sisi tulikuwa hatuwaoni kwa sababu tulikuwa tunakwenda kiangazi. Ukigawanya kwa vichwa, kila mmoja alikuwa na elfu thelathini na saba, sasa ana thelathini na nne.

Wilaya imefukarika, na mwongozo wangu umeiandika kuwa imepanda. Na Mama Dodoso aliniambia Aprili mbili, akiwa na tope magotini, nikamwambia asijitungie utafiti.

Mei 2, Alhamisi

Nimemwomba radhi Mama Dodoso. Akasema, "Nilidhani hutafika," akaniongezea chai.

Mei 3, Ijumaa

Nimempelekea Bwana Mwelekeo kurasa nne. Alizisoma, si mjinga, alielewa kabla sijamaliza kueleza. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Kaya ni nini?" akaniuliza.

"Watu wanaokula chungu kimoja."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Basi. Makao makuu hawaulizi vichwa, wanauliza kaya. Nikipeleka vichwa nitaambiwa nimeshindwa kazi. Nikipeleka hii," akagonga grafu, "nitaambiwa wilaya inasonga mbele. Wewe una miaka mingapi hadi kustaafu?"

"Tisa."

"Itunze."

Nilitaka kumtupia kalamu. Nikatoka. Mluzi wa shemeji jioni hii nimeusikia wote, na nimegundua ule wimbo una nusu ya pili, ila anaijua vibaya.

Mei 8, Jumatano

Nilishuka kwenye chumba cha mafaili kutafuta silaha. Nilijiambia, kama kuna mahali pengine walipofanya utafiti wakati wa mvua na namba ikaruka hivyohivyo, Bwana Mwelekeo hataweza kusema ni fikra zangu tu.

Nimepata. Wilaya ya ng'ambo ya mto, miaka minne iliyopita, wakati tulipokuwa tukiwasaidia kwa sababu hawakuwa na mtakwimu wao. Laki na hamsini na tano, hamsini na sita, kisha ghafla themanini na saba. Walivuka mstari, wakaondolewa kwenye orodha ya dawa za bure. Kaya zilipungua kwa robo, watu walibaki. Mwezi wa utafiti: Aprili. Sababu ya kuhamisha mwezi, kwa mkono: *magari yanapatikana kwa urahisi wakati wa mvua kwa kuwa hakuna anayeyahitaji*.

Mwandiko ni wangu. Saini ni yangu. Nakumbuka hata siku yenyewe, nilijiona mjanja kwa kupata magari mawili bila kuomba. Bwana Mwelekeo alikuwa hajahamia hapa bado.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyeipeleka namba ile. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyenishangilia, ilipita tu kama karatasi nyingine zote, nikaenda likizo.

Mei 9, Alhamisi

Sikwenda kazini.

Mei 14, Jumanne

Nimebeba faili hilo kwenye mkoba siku sita. Nikilitoa, namba ya mwaka huu inaanguka na binti anabaki na vidonge vyake, lakini jina langu linaenda nalo. Nisipolitoa, mimi naitunza ile miaka tisa.

Mdogo wangu ameniona sili. "Dada, kama ni sisi tumekuchosha, sema. Tutaondoka hata kesho, tutatafuta turubai."

"Si ninyi."

"Ni nini basi?"

Nikamweleza yote, foleni, vyungu, ng'ambo ya mto. Nilitarajia aseme habari ya mwanawe. Aliuma uzi wa sare aliyokuwa akishona, akauliza, "Na hao wa ng'ambo, nao walikuwa na watoto wenye kifafa?"

"Sijui."

"Hujui, au hukuuliza?"

Amekuwa hivyo tangu utoto, mdogo huyu. Ananishika mkono halafu ananichoma.

Mei 17, Ijumaa

Mvua. Nimenunua sukari kilo tatu.

Mei 20, Jumatatu

Niandike yote kwa utaratibu kabla sijaanza kuyapamba.

Kamati ilikaa saa nne asubuhi. Mwenyekiti ni mama mmoja, mhasibu mstaafu, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Bwana Mwelekeo alionyesha grafu, akapigiwa makofi. Mwenyekiti akauliza kama kitengo kina la kuongeza. Nikasimama. Bwana Mwelekeo akanikodolea macho.

"Mwenyekiti," nikasema, "tuseme wewe na jirani yako kila mmoja anaingiza laki moja. Mvua inaharibu kazi, kila mmoja sasa ana elfu themanini. Mkaa ghali. Mnaamua kupika pamoja. Kesho nakuja na fomu yangu, nakuta kaya moja yenye laki na sitini. Mwaka jana nilikuta mbili za laki moja moja. Nani ametajirika hapo?"

"Mwuza mkaa," akasema mwenyekiti. Watu wakacheka, lakini alikuwa amevua miwani ya usoni na kuvaa ile ya kichwani, akavuta kurasa zangu. Nikaona ameelewa, nikapata nguvu, nikaeleza kaya mia moja sabini na moja.

Ndipo Bwana Mwelekeo akanyoosha mkono. Alizungumza kwa huruma.

"Mwenyekiti, mwenzetu ni mtaalamu, nampa heshima zake. Lakini kwa haki kamati ijue kwamba nyumbani kwake kuna mtoto wa mdogo wake anayetumia dawa za bure. Wilaya ikivuka, dawa hizo zinakwisha. Sisemi zaidi."

Sikumwambia mtu ofisini. Kaisoma fomu yangu. Swali la thelathini na moja, ambalo juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba majibu haya ni siri. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua, nilikuwa nayo tangu Machi, daftari zima. Na kila mtu mezani alikuwa ameshaanza kutazama karatasi zake, namna watu wanavyotazama karatasi wakimwonea mtu aibu.

Nikafungua mkoba.

"Ni kweli," nikasema. "Mtoto yupo, anazitumia dawa hizo, na ningefanya lolote asikose. Kwa hiyo msinisikilize kwa habari ya wilaya hii. Sikilizeni ya ng'ambo ya mto. Huko sina mtoto, sina ndugu, sina hata rafiki."

Nikaweka faili mbele ya mwenyekiti, nikamwonyesha mwezi, nikamwonyesha kaya, nikamwonyesha watu. Akafuata kwa kidole hadi chini.

"Waliondolewa kwa namba hii?"

"Ndiyo."

"Nani aliipitisha?"

"Hapo chini, mwenyekiti."

Akasoma saini. Akanitazama, akaisoma tena. Bwana Mwelekeo aliinuka kidogo kwenye kiti ili aone, kisha akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake mtu anayefanya hivyo anafaidika nini.

Mwenyekiti akasema wataandika barua. Nikaenda chooni nikalia, kisha nikarudi mezani kwangu nikajaza fomu za petroli.

Mei 27, Jumatatu

Mvua imekatika. Mwenye nyumba ameezeka. Shemeji amepata nyumba mbili za kupaka, na kabla ya kuondoka ameupaka mlango wa jikoni ambao bado haufungi.

Juni 3, Jumatatu

Barua ya makao makuu. Wilaya yetu inabaki chini ya mstari hadi utafiti urudiwe kiangazi, na kuanzia sasa hesabu ya vichwa itaambatanishwa. Bwana Mwelekeo amepewa onyo kwa kusoma fomu. Mimi nimeondolewa kwenye mapato na kuhamishiwa takwimu za mifugo. Mama Dodoso anasema nishukuru, mbuzi hawaunganishi vyungu.

Kuhusu ng'ambo ya mto: "suala litazingatiwa katika bajeti zijazo." Mstari mmoja, chini kabisa, baada ya nakala zitakazopelekwa kwa nani na nani.

Nilipompa mdogo wangu habari alinikumbatia, shemeji akasema ahsante mara nyingi mno hadi nikamkaripia. Kisha mdogo wangu akauliza, "Umeshauliza?"

Juni 8, Jumamosi

Nimevuka mto asubuhi. Zahanati yao ina vyumba viwili na benchi la mbao. Nesi alikuwa peke yake, anapanga kadi. Nilimwambia natoka takwimu, nataka kujua habari za dawa za kifafa. Hakuuliza barua, akatoa daftari kabatini, nadhani hakuna aliyewahi kumwomba.

"Tulikuwa na arobaini na wawili," akasema. "Tulipotolewa kwenye orodha, mwaka uliofuata wakaja tisa."

"Na wale wengine?"

"Nilidhani mambo yao yamekuwa mazuri, wananunua mjini." Akafunua ukurasa, mwingine, mwingine. "Si ndivyo ile karatasi ilivyosema? Kwamba huku tumepata uwezo? Nami niliamini. Baadaye nikaanza kusikia. Mmoja kaungua jikoni. Mmoja kaanguka mtoni, akifua."

Nilikuwa na namba mkononi, thelathini na tatu, nilishaitoa kichwani kabla hajamaliza kusema. Siwezi kujizuia, ndivyo nilivyo. Nilitaka kumwuliza wangapi, wa umri gani, mwaka gani.

"Wewe ni nani hasa?" akauliza.

Nikamwambia kwamba ile karatasi niliiandika mimi.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alilisogeza benchi kwa mguu hadi mbele ya meza yake.

"Basi kaa hapo," akasema, "nikusomee majina."

Nikakaa. Alisoma polepole, jina, mtaa, umri, na baada ya kila moja alinitazama kwanza ndipo akaendelea na linalofuata.